Feni ya Laptopu Inakwaruza: Itengeneze Kabla Haijanyamaza

Swali hili halikosekani katika barua za wasomaji. Laptopu ni ya zamani, kazi bado inafanya, lakini kila ikiwashwa feni inakwaruza, inanguruma au inatetemesha meza. Fundi wa kwanza kasema nunua feni mpya. Wa pili kasema hiyo imechoka, tafuta mashine nyingine. Jirani kasema pulizia mafuta uone. Mnauliza: tumsikilize nani?

Jibu langu ni fupi. Feni inayopiga kelele bado inazunguka, na mara nyingi inaokoleka kwa brashi, alkoholi safi na tone moja la mafuta ya cherehani. Ya kuogopwa ni ile iliyonyamaza huku mashine inachemka. Kwa hiyo kelele hiyo ni taarifa uliyopewa mapema. Ishughulikie wiki hii, usisubiri masikio yaizoee.

Maelezo haya yanazifaa zaidi zile laptopu nene za ofisi za kati ya mwaka 2010 na 2016 hivi, ambazo hupatikana kwenye maduka ya mitumba: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook na ProBook za HP. Ziliundwa zikijua zitafunguliwa. Kwenye mashine nyembamba za siku hizi kanuni ni zile zile, ila kuzifungua kunataka mkono uliozoea.

## Kwanza hakikisha ni feni

Ndani ya laptopu ya zamani, feni haizunguki peke yake. Diski kuu nayo inazunguka, na kuna vipande vya umeme vinavyoweza kutoa mlio bila kusogea. Kabla ya kulaumu feni, fanya hivi: chukua kalamu ya biro, toa wino, ubaki na bomba tupu. Ncha moja iweke mlangoni mwa sikio, nyingine isogeze taratibu juu ya kibodi na pembeni mwa mashine. Utasikia wazi mlio unatoka wapi. Feni huwa karibu na tundu linalotoa hewa ya moto.

- Ni mlio wa "tik, tik" upande wa diski? Weka bisibisi chini. Nakili faili zako sasa hivi kwenye flashi au diski nyingine, kwa sababu diski inayogonga hivyo inaweza kufa wakati wowote.
- Ni mluzi mwembamba unaobadilika ukichomoa chaja au ukisogeza kurasa, huku upepo haubadiliki? Huo unatoka kwenye bodi. Unakera, lakini haudhuru, na mafuta hayatausaidia.
- Kelele inapanda na kushuka pamoja na nguvu ya upepo? Hiyo ni feni. Endelea.

## Kila kelele na chanzo chake

- Mngurumo wa upepo mkali usiokatika. Feni ni nzima, inapigana na joto. Ama vumbi limeziba njia, ama kuna programu inaitumikisha mashine.
- Mkwaruzo mkavu unaosikika zaidi asubuhi, kisha unapungua mashine ikipata moto. Mafuta ndani ya bushi, yaani tundu inamozungukia shafti ya feni, yamekauka au yamekuwa mazito. Hii ndiyo inayopona vizuri zaidi.
- Tikitiki ya haraka inayofuata kasi ya feni. Kuna kitu kinagusa mapanga: waya uliotoka kwenye njia yake, ncha ya selotepu, hata unywele.
- Mtetemo unaousikia mpaka mikononi. Skrubu zimelegea, panga moja limevunjika, au shafti imelika.
- Kelele inayobadilika ukiinamisha laptopu upande. Shafti inacheza ndani ya bushi. Mafuta yatakusogeza kwa muda, lakini anza kutafuta feni nyingine.

## Kabla ya kushika bisibisi

Hatua hizi hazina gharama, na kuna wasomaji waliomaliza tatizo hapa hapa.

1. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya programu zinazofanya kazi. Angalia safu ya CPU: kama kuna programu moja inayokula nguvu zote wakati wewe hufanyi kitu, anza na hiyo.
2. Inua laptopu uangalie chini. Matundu ya kuvutia hewa mara nyingi yako huko. Ukiiweka kitandani, kwenye mto au juu ya kapeti, umeyaziba mwenyewe.
3. Pima joto. Kuna programu za bure kama HWMonitor na Core Temp. Wenye Linux watumie amri ya sensors. Mashine iliyotulia ikiwa na nyuzi 40 hadi 55 iko salama. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, namba zitapanda kidogo. Lakini ikigonga 90 kwa kuandika barua tu, hewa haipiti.

Ziandike namba hizo. Utazihitaji baada ya kazi.

Ujue pia kwamba prosesa nyingi za Intel za miaka hiyo hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, na joto likizidi mashine hujizima yenyewe. Ndiyo maana anayelalamikia feni mara nyingi hulalamika pia kwamba laptopu "imekuwa nzito". Ugonjwa ni ule ule mmoja.

## Vifaa vya kukusanya

- Bisibisi ndogo za nyota, namba 0 na namba 1, ikiwezekana zenye sumaku.
- Kadi ya benki iliyokwisha muda, ya kuachanisha mifuniko.
- Brashi laini ya rangi na mswaki wa zamani uliokauka.
- Vijiti vya pamba.
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mafundi simu wanayo; waombe kidogo au waulize wanakonunua. Spiriti ya kusafishia vidonda si mbadala mzuri: ina maji zaidi, na nyingine zina mafuta yanayoacha utando.
- Kichupa cha mafuta ya cherehani na sindano ya kushonea.
- Bomba dogo la pesti ya joto, ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na bati lake la shaba.
- Karatasi na kalamu.

Kifaa cha mwisho ni mwongozo wa matengenezo wa mashine yako. Hupatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji. Andika jina kamili la modeli, kisha "Hardware Maintenance Manual" kwa ThinkPad, "Maintenance and Service Guide" kwa HP, au "Owner's Manual" kwa Latitude za miaka hiyo. Hata kama Kiingereza kinakusumbua, michoro inaonyesha kila skrubu ilipo.

## Kufungua bila kuvunja

1. Zima kabisa. Kufunga mfuniko na kuiacha imelala hakutoshi. Chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 hadi 20 umeme uliobaki umalizike. Kama betri iko ndani, jambo la kwanza ukishafungua ni kuchomoa plagi yake.
2. Fanyia kazi kwenye meza kavu isiyo na kitambaa cha sufu wala kapeti. Gusa kitu kikubwa cha chuma kabla ya kugusa bodi, ili umeme tuli wa mwilini uishie huko.
3. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi. Kila skrubu unayoitoa, ichomeke kwenye karatasi mahali pale pale ilipotoka. Skrubu zinafanana kwa macho lakini hazilingani urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa ganda la juu au kuumiza bodi.
4. Mfuniko ukikataa kutoka, simama. Kuna skrubu imejificha chini ya kibandiko au chini ya raba ya mguu. Itafute, kisha tembeza kadi ya benki pembeni. Kisu hakina kazi hapa.
5. Kama njia inapita kwenye kibodi, inyanyue taratibu. Chini yake kuna utepe bapa. Kwenye soketi zenye kilango, inua kilango kwanza kwa ukucha, ndipo utepe utoke wenyewe.
6. Plagi ya feni itoe kwa kushika plagi yenyewe. Ukivuta waya, soketi inaweza kung'oka kwenye bodi, na hapo kazi ndogo imekuwa kubwa.

Onyo: ukifungua ukakuta betri imevimba, acha kila kitu. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Mpelekee fundi aitoe.

Kwenye baadhi ya mashine feni ni kipande cha peke yake, inatoka kwa skrubu mbili au tatu bila kugusa prosesa. Kwenye ThinkPad nyingi za kizazi hiki, feni na bomba la shaba ni kitu kimoja. Ukiitoa feni umeinua na bati lililo juu ya prosesa. Hapo pesti mpya ni lazima. Kama huna pesti mkononi, usianze.

## Kusafisha

Ndani ya laptopu kuna rejeta ndogo, inayofanya kazi ile ile ya rejeta ya gari: bomba la shaba linaleta joto kutoka kwenye prosesa, mapezi membamba yanalitawanya, feni inalipuliza nje. Vumbi linakokusanyika zaidi huwezi kukuona kutoka nje. Ni katikati ya mdomo wa feni na yale mapezi. Ukitoa feni, utakuta utando wa kijivu umejishona hapo, umechanganyika na nyuzi za nguo na nywele, mzito kiasi cha kubanduka mzima kwa ncha ya kidole.

Ndiyo sababu kupuliza kwa nje hakutoshi. Unausukuma utando ule urudi kwenye mapanga, na kesho kelele inarudi.

1. Toa utando kwa mkono au kwa kijiti, usiusukume ndani.
2. Pitisha mswaki mkavu kwenye mapezi kwa kufuata uelekeo wake. Ukiyakata kwa mshazari utayapinda.
3. Fungua kifuniko cha feni kama kina skrubu, ufute kila panga kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi kidogo.
4. Ukitumia kopo la hewa au blowa, zuia mapanga kwa kidole yasizunguke. Feni inayozungushwa kwa upepo mkali kupita kasi yake inajiharibu bushi.

## Tone la mafuta

Soma sehemu hii mara mbili kabla ya kufanya.

1. Zungusha feni kwa kidole ukiwa umeisogeza karibu na sikio. Kama inakwama au inakwaruza, inahitaji mafuta. Kama inateleza kimya, iache. Shida ilikuwa vumbi.
2. Jaribu kuvuta sehemu yenye mapanga kwenda juu, wima kabisa, kwa vidole viwili vya pande mbili. Feni nyingi za laptopu zimeshikiliwa na sumaku tu, na hutoka zikiwa na shafti yake nyembamba.
3. Ikikataa kwa nguvu ya kawaida, angalia kitovuni upande wa nyuma. Wakati mwingine kuna kibandiko, na chini yake kizibo kidogo. Kama hakuna njia, feni hiyo imefungwa kiwandani. Usiitoboe. Nenda kwenye sehemu ya kununua.
4. Ikitoka, angalia kama kuna pete ndogo ya plastiki kwenye shafti. Inateleza na kupotea kirahisi.
5. Futa shafti kwa pamba kavu. Pamba ikitoka na alama nyeusi zenye kunata, umempata mwenye kelele. Futa mpaka pamba itoke safi, kisha futa na tundu la bushi.
6. Chovya ncha ya sindano kwenye mafuta ya cherehani, uidondoshee bushi tone moja dogo. Moja linatosha. Yakizidi yatatapakaa kwenye mapanga yavute vumbi upya.
7. Rudisha shafti, izungushe kwa kidole mara kadhaa, ufute kilichofurika.

## Pesti ya joto

Kama bati liliinuka kwenye prosesa, futa pesti yote ya zamani kwa alkoholi, pande zote mbili, mpaka chuma king'ae. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa. Shusha bati likiwa wima, kisha kaza skrubu kwa kufuata namba zilizochongwa kando yake, kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, bati litakaa upande na joto halitapita sawasawa.

## Kuijaribu

Rudisha plagi ya feni kabla ya kitu kingine; ndiyo inayosahaulika zaidi. Ukiwasha ThinkPad ikakuandikia "Fan error" na kujizima, usishtuke. Mara nyingi ni plagi haijaingia vizuri, au kuna waya unazuia mapanga.

Ikiwaka, sikiliza, kisha iache ifanye kazi ya kawaida kwa nusu saa na upime joto tena. Linganisha na namba ulizoandika mwanzo. Kelele ikiisha lakini joto likabaki pale pale au likapanda, bati halijakaa sawa. Fungua, rudia pesti.

## Ukilazimika kununua feni

- Nenda na feni yako mkononi. Kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue, Nairobi, jina la modeli peke yake linaweza kukuletea feni isiyokaa.
- Soma kibandiko: Lenovo huandika namba ya FRU, Dell huandika DP/N. Volti zilingane, na kwa laptopu nyingi ni 5.
- Hesabu waya za plagi, tatu au nne, na uangalie umbo la plagi yenyewe.
- Mwambie muuzaji kama mashine yako ina kadi ya picha ya ziada. Modeli hiyo hiyo moja huweza kuwa na mabomba ya shaba ya aina mbili.
- Feni ya mtumba ijaribu pale pale: izungushe sikioni, kisha itikise mapanga pembeni. Yakicheza, iache.

## Makosa yanayojirudia

- Kupeleka laptopu kwa mjaza upepo wa matairi. Kompresa ile hutoa maji na mafuta pamoja na hewa, na nguvu yake inavunja mapanga.
- Kupulizia WD-40. Inalainisha kwa siku chache, kisha inakauka na kuondoka na mafuta yaliyokuwapo.
- Mafuta ya kupikia, ya nazi au grisi. Mawili ya kwanza huganda na kunata. Grisi ni nzito mno kwa injini ndogo kama hii.
- Kuchomoa feni "kwa muda" ili kazi iendelee. Prosesa itapanda joto ndani ya dakika chache.

## Maswali mnayoyarudia

"Sijawahi kufungua laptopu. Si nitaiharibu?" Kama unaweza kufuata mchoro na kutunza skrubu, unaweza. Nakili faili zako kwanza, tenga nusu siku isiyo na haraka, na usianze usiku wa kuamkia siku ya kazi muhimu.

"Nikinunua kile kisahani chenye feni za USB?" Kinasaidia kuingiza hewa chini, lakini vumbi na bushi kavu vinabaki vilivyo. Kitumie baada ya matengenezo.

"Mafuta yatadumu muda gani?" Shafti ikiwa nzima, tegemea miezi mingi. Kelele ikirudi ndani ya wiki chache, bushi imelika na tone la pili ni kupoteza wakati.

"Nifanye hivi kila baada ya muda gani?" Anayekaa kando ya barabara ya vumbi afungue kila miezi sita. Aliye kwenye nyumba safi, mara moja kwa mwaka inatosha.

## Lini umwachie fundi

Mpe fundi kama betri imevimba, kama soketi imeng'oka, kama skrubu imekatikia ndani, au kama feni mpya haizunguki kabisa. Lakini usiende mikono mitupu. Mwambie kelele ni ya aina gani na inatokea lini, mpe namba za joto, na umwombe akuonyeshe feni ya zamani akiibadilisha. Kabla ya kulipa, washa mashine mbele yake, pima joto, sikiliza. Akikuambia lazima ununue laptopu nyingine kwa sababu ya feni, mshukuru uende kwa fundi wa pili.